Siku ya Samaki ya Bi Beya

"Viatu," alisema Bi Beya, akainua kidole. "Kabla ya nguo, kabla ya ukumbi, kabla hamjanunua hata lozi moja. Viatu. Vivae jikoni kwenu, osha navyo vyombo, gombana navyo na mama yako. Nimeona mabibi harusi wengi wa mji huu wakilia, na watu wakadhani wanalilia mama zao. Walikuwa wanalilia vidole."

Ulfa, aliyekuwa anatarajia kuolewa baada ya mavuno ya zeituni, akaitikia kwa kichwa. Mchumba wake Wajdi alikuwa kando yake, mikono katikati ya magoti, ameketi kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"La pili, kula. Bibi harusi asiyekula asubuhi huzimia wakati wa picha. La tatu, mpiga picha mlisheni mapema, ama sivyo atawatoa nyote mmefumba macho. La nne ndilo kubwa. Chagueni mambo mawili tu ya kugombania na wazazi. Mawili! Mengine waachieni, hata kama shangazi anataka wapiga zumari watoke kisiwani Kerkenna. Harusi si yenu, wanangu. Ni ya shangazi zenu. Yenu ni ile inayofuata."

"Siku ya samaki," alisema Ulfa kwa sauti ya chini.

"Siku ya samaki," alisema Bi Beya, akajimiminia kahawa.

Kila mtu wa mji huu wa Sfax, pwani ya Tunisia, atakuambia kwamba siku ya samaki ni mchezo tu. Atakuambia hivyo huku amekodoa macho na kusukuma wenzake apate kuona vizuri. Harusi ikishapita, maharusi huletwa uani kwa wazazi wa bwana, wanaruka samaki mkubwa mara saba ili wapate heri na watoto, kisha kila mmoja anapewa kisu na samaki wake. Atakayetangulia kutenganisha kichwa na kiwiliwili ndiye atakayetawala nyumba. Ni mchezo tu. Lakini yuko mzee mmoja pale karibu na lango la Bab Diwan ambaye mpaka leo hanunui hata kiberiti bila kumuuliza mkewe, na ukimuuliza sababu anakuambia, "Samaki."

Sasa, Bi Beya alikuwa mpambaji wa maharusi. Alipaka hina, alisuka, alivalisha yale mavazi ya dhahabu mazito kuliko mvaaji, na zaidi ya yote alitoa mawaidha. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo, hakuna bibi harusi wake hata mmoja aliyeshindwa siku ya samaki. Ndiyo iliyokuwa sifa yake. Wapambaji wengine walijua kupaka wanja vizuri kuliko yeye, na mwenyewe alikubali, lakini wanawake walipanga foleni mlangoni kwake kwa sababu ya samaki.

"Dada yako aingie jikoni kwa wakwe mapema," alimwambia Ulfa. "Apapase koo la samaki wako. Wakwe huficha kijiti cha mzeituni mle, kisu kikwame. Kisu watakachokupa kitakuwa butu, hivyo uwe na chako ndani ya kikapu cha lozi. Na usianzie juu kama anayekata mkate. Anzia nyuma ya shavu, pale mifupa inapoachana."

"Na mimi je, Bi Beya?" aliuliza Wajdi. "Mimi pia mteja."

"Wewe, mwanangu, jiandae kushindwa kwa heshima."

Wajdi akatazama dari, wala hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote. Bi Beya aliliona hilo akalipuuza.

"Na wewe mwenyewe, Bi Beya?" Ulfa alikuwa anatabasamu. "Mji mzima unasubiri Jumapili."

Bi Beya akapaliwa na kahawa.

Maana ilikuwa kweli. Baada ya kuwaoza watoto wa watu mpaka nywele zake zikaanza kuhitaji hina kwa sababu nyingine, Beya alikuwa anaolewa. Bwana alikuwa Munji, mjane, muuza vipuri vya pampu za maji, mtu mpole mwenye mabega mapana na masharubu yaliyomzidi sura. Alianza kuja na mpwa wake aliyetaka mawaidha ya harusi. Wiki iliyofuata akaja peke yake kuulizia viatu vya mpwa. Kisha akaja kuulizia lozi za mpwa. Mpwa akaoa, akaenda zake kuishi Tunis, na Munji akaendelea kuja kumuulizia mambo, mpaka Jalila, mdogo wake Beya, akauliza, "Kwani mtu huyu ana wapwa wangapi?"

Beya alimpenda. Afadhali tuseme wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alichukua muda mrefu sana kulisema. Alipenda jinsi alivyovua viatu mlangoni na kuvipanga sawa, na jinsi alivyochomeka kishada cha yasmini nyuma ya sikio halafu akakisahau mpaka kikanyauka. Lakini tangu habari za posa zienee, Beya alikuwa hali akashiba, na sababu haikuwa Munji. Sababu ilikuwa samaki.

Fikiria mwenyewe. Mwalimu wa kuogelea hawezi kuzama mbele ya wanafunzi wake. Beya akishindwa Jumapili, ni nani tena atakayebisha hodi kwake? Kumpambia mtu uso hata mtoto wa jirani anaweza. Na kibaya zaidi, mama yake Munji alikuwa Bi Shadlia.

Bi Shadlia alikuwa na miaka inayokaribia themanini, fimbo asiyoihitaji, na wana watatu. Wakubwa wawili walioa wanawake waliopambwa na Beya (mke wa kwanza wa Munji alipambwa na mtu mwingine), na wana hao wawili walishindwa siku ya samaki mbele ya kadamnasi. Bi Shadlia aliketi kitini siku zote mbili bila kusema neno. Ulimi wa bibi huyo ulikuwa haujawahi kupumzika, kwa hiyo ule ukimya Beya hakuusahau.

"Atalipiza kisasi safari hii," Beya alimwambia mdogo wake. "Mtoto wa mwisho, na mimi mwenyewe. Huyo mama ataficha mti mzima wa mzeituni ndani ya huyo samaki."

"Si ni mchezo tu, dada."

"Nyamaza, Jalila. Nenda kaninolee kisu."

Kinyozi hajinyoi. Siku ya harusi Beya alivunja mawaidha yote aliyowahi kuyatoa. Alivaa viatu vipya vilivyotoka dukani siku ileile, kwa sababu vya kwanza aliona vinamfanya aonekane mzee. Hakula. Aligombana na dada zake, na shangazi wa Munji, na mpiga zumari, juu ya mambo yasiyohesabika. Mpiga picha alikaa na njaa mpaka mwisho, na akalipiza: picha zote za Beya zinamwonyesha amefumba macho, isipokuwa moja ambamo anamtazama mtu fulani kwa hasira. Alipokuwa anapambwa na mwanafunzi wake wa zamani, wanja ukamtiririka mpaka kidevuni.

"Unamlilia marehemu mama?" aliuliza yule binti kwa huruma.

"Vidole," alisema Beya.

Jumapili ikafika. Ua wa Bi Shadlia ulikuwa umefagiliwa na kumwagiwa maji, mkeka umetandikwa katikati, na juu yake wamelala chewa wawili wenye utepe mwekundu mkiani, kila mmoja mkubwa kama mtoto wa kuanza shule. Jikoni masufuria ya kuskusi ya ngano yalikuwa yanatoa mvuke, yanangoja samaki tu. Majirani walikuwa wamejaa ukutani, ngazini, na juu ya paa. Ulfa alikuwepo, amekaa mbele kabisa na mchumba wake. Beya aliwatambua wasichana wengine wengi waliotarajia kuolewa msimu ule. Wote walikuwa wamekuja kuona kama mwalimu anajua somo lake.

Jalila akatoka jikoni, uso umemkunjamana.

"Enhe?" Beya alinong'ona. "Kijiti wameficha wapi?"

"Hakuna kijiti."

"Umepapasa vizuri?"

"Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, dada. Hakuna kitu. Na kisu walichokuandalia nimekijaribu, kikali mno. Kimenikata." Akaonyesha kidole kilichofungwa kitambaa.

Hilo Beya hakulipenda. Adui aliyeficha kijiti unamjua. Asiyeficha kitu, huyo anajua jambo usilolijua. Akamtazama Bi Shadlia aliyeketi kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo, akamwona anatabasamu.

Wakaruka. Munji akamshika mkono kila mara waliporuka, maana viatu vya Beya vilikuwa vilevile vya juzi, na kila wakitua alisema "pole" taratibu, watu wasisikie. Vigelegele vikapigwa. Kisha wakapiga magoti mkekani, kila mmoja na chewa wake, na Bi Shadlia akagonga sakafu kwa fimbo.

"Kateni!"

Beya akazama kazini. Nyuma ya shavu, pale mifupa inapoachana. Kisu kikaingia kama alivyowafundisha wote. Alisikia wasichana wanamwita jina lake, alisikia Jalila anapiga kelele, "Mgongo, dada, umefika kwenye mgongo!" Ukabaki uti wa mgongo na kipande cha ngozi. Mkandamizo mmoja tu, basi. Hapo ndipo alipoinua macho kumtazama mumewe, kwa sababu hata bingwa hupenda kujua amemwacha mwenzake wapi.

Munji alikuwa anatokwa na jasho. Masharubu yalikuwa yamelowa. Alikuwa anasugua shingo ya chewa kwa nguvu zake zote, mabega yanapanda na kushuka, na yule chewa alikuwa hana hata mchubuko. Beya akatazama kisu. Makali yalikuwa yameelekea juu.

Akaacha kukata.

"Munji."

"Naam."

"Umekishika kisu vibaya."

"Hapana," alisema Munji, bado anasugua. "Kiko sawa. Samaki huyu mgumu."

"Makali yanatazama mbinguni, Munji."

"Malizia, Beya. Watu wana njaa."

"Kigeuze!"

"Sikigeuzi."

Walikuwa hawajamaliza hata siku tatu za ndoa, na tayari walikuwa wanagombana mbele ya watu, wamepiga magoti, mikono imejaa magamba.

"Unanipa?" Sauti ya Beya ilipanda. "Mimi? Mimi Beya unanipa samaki kama sadaka? Nani amekufundisha hayo?"

Munji akaendelea kusugua. Aliyejibu alicheka kwanza, kicheko kikavu cha kikongwe, na watu wote wakageuka.

"Kila mtu, mwanangu," alisema Bi Shadlia. "Kila mtu anafundishwa hayo. Asubuhi ya siku ya samaki baba anamwita kijana wake kando, anamnong'oneza: geuza kisu. Mwache mke ashinde. Mwanamke aliyeshinda siku ya kwanza hatafuti ugomvi mwaka mzima. Mume wangu alinigeuzia mimi. Nilimwona, nikanyamaza. Wanangu wawili nao wakageuza. Nilikaa hapa nimejiuma midomo nisicheke, na wewe umesimama pale unajipongeza."

Beya akawatazama wanaume. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Mmoja alikuwa anachunguza mawingu, na hayakuwepo. Mwingine alikuwa anafunga kamba za viatu vya ndara. Wajdi, mchumba wa Ulfa, alikuwa anatazama dari ya baraza, na Beya akakumbuka wapi aliuona ule mtazamo.

"Bashiri!" Ilikuwa sauti ya Bi Nafisa, jirani, kutoka ngazini. "Bashiri, hebu nitazame. Na wewe ulinigeuzia?"

"Mama Sami, si mahali pake hapa..."

"Miaka yote hii unaniambia 'wewe ndiye mtawala' ukiombwa kuosha sufuria!"

"Na wewe Tijani?" akauliza mwingine kutoka juu ya paa.

"Mimi nilishindwa kweli!" Tijani alilia. "Wallahi, mimi nilishindwa kweli!" Na hakuna aliyemwamini, ingawa maskini alikuwa anasema kweli.

Zogo likazuka. Wake wakawa wanadai majibu, waume wanadai kuskusi. Beya hakusikia. Alikuwa amepiga magoti pale pale na kisu chake, na alikuwa anaumia, kuumia kwa kweli, kuliko vidole. Mabibi harusi wote wale. Vijiti vya mzeituni, visu ndani ya vikapu, shavu na mifupa. Alikuwa amefundisha jeshi zima kuvunja mlango uliokuwa wazi.

"Kwa hiyo mama yako alikunong'oneza," alimwambia Munji. "Kwa kuwa baba hayupo."

"Alininong'oneza," alisema Munji.

"Bila shaka."

"Aliniambia nisigeuze."

Beya akainua uso.

"Ni kweli hiyo," alisema Bi Shadlia, sasa hacheki. "Nilimwambia, huyo ni fundi, mkate kweli, tuone ufundi wake. Nikawapa visu vyema vyote viwili, nilivinoa mwenyewe. Nilitaka kuona vita ya haki kabla sijafa. Tazama alivyoniasi, mtoto huyu!"

"Basi kwa nini?" Beya aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, ile ambayo wateja wake walikuwa hawaijui.

Munji akajifuta jasho kwa mkono wenye magamba, likabaki gamba moja kwenye sharubu. "Mke wa kwanza, Mungu amrehemu, nilimgeuzia kwa sababu baba aliniambia. Wewe sikuambiwa na mtu. Tangu mke huyo alipofariki nimetawala nyumba peke yangu, Beya. Nyumba tupu. Naamka, natawala, nalala. Haina raha yoyote. Shika wewe."

Beya alijua nyumba ya namna hiyo. Alikuwa amekaa ndani yake maisha yake yote, akirudi kutoka kwenye harusi za watu na hina ya watu kwenye kucha, akiwasha taa na kuwa malkia wa viti vinne. Hakuwahi kupewa kitu ambacho hakukigombania kwanza, na sasa amepewa, hakujua akiweke wapi. Alitaka kulia, na akaona haya, kisha akaona hakuna sababu ya kuona haya, akalia.

"Dada, mkandamizo mmoja!" Jalila alinong'ona nyuma yake. "Mmoja tu! Wateja wanatazama!"

Wateja walikuwa wanatazama kweli. Ulfa alikuwa amesimama. Mkandamizo mmoja, na jina la Beya lingebaki palepale lilipokuwa, kwa wale ambao wangetaka kuendelea kuamini.

Beya akageuza kisu chake, makali juu. Akaanza kusugua.

"Unafanya nini?" aliuliza Munji.

"Nakata. Samaki huyu mgumu."

"Beya, usinifanyie hivyo."

"Malizia wewe. Watu wana njaa."

"Mimi siwezi, nimeanza hivi."

"Na mimi nimeanza hivi."

Wakasugua. Wakasugua wakitazamana, magamba yanaruka, wote wawili wakitokwa na jasho na machozi na hatimaye kicheko, na samaki hawakukatika. Mwanzoni watu walipiga makofi. Kisha mtoto mmoja akaanza kulilia kuskusi, na mjomba wa Munji, mtu mzima mwenye heshima zake, akamuunga mkono.

"Hawa watatuua kwa njaa," alisema Bi Nafisa.

Bi Shadlia akainuka. Akaiegemeza fimbo ukutani, akaenda jikoni kwa mwendo wa mtu asiyehitaji fimbo, akarudi na shoka dogo la kuchanjia kuni. Maharusi wakaruka pembeni. Kwa pigo moja kichwa cha chewa wa kwanza kikaenda huku, kwa la pili kichwa cha chewa wa pili kikaenda kule. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Haya," alisema. "Atakayetawala amejulikana. Naweni mikono, tule."

Habari hiyo ilizunguka mji kabla sahani hazijaoshwa. Beya alikaa wiki nzima akingoja kimya mlangoni kwake, na wala kimya hakikuja. Msimu ule kila bibi harusi wa Sfax alikuwa anachungulia kisu cha bwana harusi, kila bwana harusi anachungulia cha bibi harusi, hakuna aliyethubutu kukata kwanza, na ua baada ya ua samaki walikuja kukatwa na mama mkwe kwa shoka. Mama wakwe walifurahi mno. Wakawa ndio wanaomtafutia Beya wateja, na kumletea vitamu vya baklawa juu yake.

Ulfa na Wajdi nao wakarudi, safari hii nyumbani kwa Bi Shadlia, ambako Beya na Munji walikuwa wamehamia, wakiiacha ile nyumba tupu, pamoja na viti vinne vya Beya. Munji alikuwepo barazani, anamenya machungwa.

"Viatu umeshavivaa?" aliuliza Beya.

"Kila siku jikoni," alisema Ulfa. "Lakini Bi Beya, siku ya samaki nifanyeje sasa? Nikikata, nitakuwa nimemnyima. Nisipokata, mama yake atakuja na shoka."

"Kile kisu kisikushughulishe. Mtazame usoni, utajua tu ufanye nini." Beya alifikiri kidogo. "Na ule kwanza. Inaweza kuchukua muda."

Wajdi akakohoa. "Samahani, Bi Beya. Kwa hiyo hapa nyumbani, nyinyi wawili, nani hasa anatawala?"

Beya akamtazama Munji, Munji akamtazama Beya, kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Munji! Beya!" Sauti ilitoka jikoni, kavu na yenye nguvu. "Meza haijapanguswa!"

Wote wawili wakainuka.